Swali Ambalo Recho Hakuuliza

Mzee Mashimba alifariki Jumatano alfajiri, na hadi saa tatu asubuhi hakuna mtu aliyekuwa amekuja kulia.

Recho alikuwa amekwisha kufanya yote ambayo mtu mmoja anaweza kumfanyia maiti. Alimfumba baba mkwe wake macho, akamfunga kidevu kwa kitambaa, akamnyoosha ile miguu iliyokuwa imevimba tangu mwaka uliopita, akamfunika shuka. Kisha alitoka uani akapiga yowe la msiba, mara tatu, kwa pumzi yote aliyokuwa nayo. Alijua sauti inafika. Ng'ambo ya korongo, kwenye shamba la mihogo, alimwona mwanamke aliyekuwa akipalilia akiinuka, akaegemea jembe, akasikiliza. Halafu mwanamke yule akainama, akaendelea kupalilia.

Recho alirudi ndani, akakaa sakafuni karibu na kitanda, akalia kwa sauti ndogo, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala.

Isenga ni kitongoji cha wakulima na wafugaji, kata ya Nyamigogo. Wengi wao walihamia na ng'ombe wao kutoka Shinyanga na Mwanza, wakawakuta Wasubi wenyeji, na kabla hawajaelewana juu ya malisho wala mipaka ya mashamba, walikuwa wameelewana juu ya kuzikana. Kamati ya msiba ina daftari. Kila mji umeandikwa humo kwa jina la mwenye mji. Yowe likisikika, kila mji unatoa debe la mahindi, mzigo wa kuni na mwanamume mwenye jembe, na hakuna anayeuliza marehemu alikuwa mwema kiasi gani. Lakini mji ukiwakosea watu kosa kubwa, jina lake linapigwa mstari. Mji uliopigwa mstari hausalimiwi. Hauombwi moto wala haupewi. Hauitwi kwenye kulima kwa zamu. Ukifiwa, unazika wenyewe. Na yeyote anayekwenda kuusaidia, anatozwa faini. Mambo hayo hayajaandikwa katika ofisi yoyote ya serikali, lakini hakuna mtoto wa Isenga asiyeyajua.

Mji wa Mashimba ulipigwa mstari mwezi wa nne. Sababu ilikuwa simu moja.

Recho alikuwa mhudumu wa afya wa kitongoji kwa mwaka wa saba sasa. Alikuwa mjane. Mume wake alifukiwa na kifusi machimboni, akamwachia binti mmoja, Happyness, ambaye sasa alikuwa anasoma bweni, na baba mkwe mmoja ambaye hakuwa na mtu mwingine wa karibu. Kazi ya afya alijifunza kidogo kwa semina na zaidi kwa kusoma mwenyewe, kijitabu kimoja baada ya kingine, akipiga mstari kwa kalamu chini ya kila neno asilolijua hadi apate wa kumweleza. Alikuwa mtu wa utaratibu. Nyumba aliyokwenda kupima mtoto uzito Jumatatu, alirudi Jumatatu.

Mwanzoni mwa mwaka ule kulikuwa na tangazo. Homa mbaya imeonekana mkoani, inaambukiza kwa kugusana, inaua kwa siku chache, na mgonjwa hutoka damu. Wahudumu wote waliitwa kwenye semina ya siku moja pale kata. Wakapewa karatasi yenye maswali sita na agizo moja: ukimwona mtu ana homa kali na anatoka damu, usimguse. Simama mbali, uliza maswali, piga simu.

Jumatano moja ya mwezi wa tatu mtoto wa jirani alimwambia kwamba Elick, mchungaji wa Maduhu, alikuwa hoi. Maduhu ndiye mwenye ng'ombe wengi kuliko wote pale Isenga, mtu wa kucheka kwa sauti na wa kuitwa kila penye ugomvi. Recho alimkuta amesimama mlangoni pa zizi, hacheki. Elick alikuwa ameketi ameegemea uzio, mwanamume wa miaka thelathini, amejifunika blanketi kwenye jua kali na bado anatetemeka. Mbele yake kulikuwa na kopo lenye majivu. Aliinama, akatema damu.

Recho alisimama hatua tatu kutoka kwake.

"Elick, umeanza lini?"

Elick alifungua kinywa, akakunja uso, akakifunga tena. Akaonyesha vidole viwili.

"Siku mbili," Maduhu alimjibia. "Homa tu hiyo, mayu. Mpe vidonge, watu tuendelee na kazi."

"Na hiyo damu?"

"Ya puani hiyo, imeshukia kooni. Si unaona jua lenyewe?"

Recho alitoa karatasi. Aliuliza maswali yote sita kwa mpangilio wake. Je, amesafiri? Amegusa mnyama aliyekufa? Amehudhuria msiba? Amemuuguza mtu? Ameingia pangoni? Kuna mwingine nyumbani mwenye homa? Maduhu alijibu hapana, hapana, hapana, upesi upesi, akiangalia ng'ombe.

"Nitapiga simu," Recho alisema.

"Mama Happyness." Maduhu alishusha sauti. "Jumamosi ni mnada."

"Najua."

"Ukipiga, wataufunga."

"Huenda."

"Huenda! Watu wanasubiri wauze wanunue mbegu, wewe unasema huenda!"

Recho alisogea hadi kwenye njia, simu mkononi, akasimama. Hakuwa mtu wa kukurupuka. Alifikiri juu ya fahali wa Maduhu waliokuwa wamenenepeshwa kwa ajili ya Jumamosi hiyo. Alifikiri juu ya Jovina, Msubi wa pale bondeni, ambaye nyanya zake zilikuwa zimeiva zote kwa pamoja na matenga ameshayapanga kando ya barabara. Alifikiri juu ya mama lishe waliokwisha kuchukua mchele. Kisha alifikiri juu ya mikono. Siku moja ya mnada, kwa udadisi wake tu, aliwahi kuhesabu ni watu wangapi anashikana nao mikono kuanzia anapoingia hadi anapofika kwenye banda la nyama. Walikuwa arobaini na watatu. Na kila mmoja wao alikuwa na arobaini na watatu wake.

Akapiga.

Gari lilikuja mchana ule ule, na watu waliovaa kama wafuga nyuki. Elick alipelekwa hospitali. Mji wa Maduhu uliambiwa usitoke. Ijumaa mnada ukafungwa hadi majibu yatakapotoka, na majibu, kwa sababu ya mvua na barabara na umbali wa maabara, yalitoka siku ya tisa. Hapakuwa na ile homa. Lakini barua ya kufunga ilikuwa imetoka juu, na barua ya kufungua nayo ilibidi itoke juu. Jumamosi nne zilipita uwanja wa mnada ukiwa na kunguru tu.

Katika Jumamosi hizo nne, Jovina alimwaga nyanya matenga kumi na moja. Walanguzi waliingia kwa pikipiki kupitia njia za vichakani, wakanunua ng'ombe kwa bei waliyoitaka wao, kwa sababu mwenye shida hana mnunuzi mwingine wa kulinganisha naye. Mbegu za maharage zilinunuliwa kwa kuchelewa, zikapandwa kwa kuchelewa, na mvua ikakatika zikiwa zinatoa maua. Hakuna aliyekufa kwa njaa. Lakini wapo watoto walioacha shule muhula ule, na ipo harusi moja iliyovunjika kwa sababu ng'ombe wa mahari walikuwa wameshaondoka na mlanguzi.

Utani ulianza kisimani. "Jamani, mbuzi wangu akikohoa msimwambie Mama Happyness, tutafungiwa hadi zizi." Wanawake walicheka, na Recho naye alicheka, akidhani yataishia hapo. Kisha kicheko kilikwisha, na akifika kisimani ndoo zinaondoka.

Alimfuata Nesi Anneth kule zahanati, ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi wake.

"Elick alikuwa na nini?" Recho aliuliza. "Niambie nimfuatilie akirudi."

Anneth alifunga mlango. "Malaria kali. Na kidonda cha kooni kilichooza. Alikatwa kilimi, dada. Kwa mganga. Kuna mtu alimpeleka akakatwe kwa sababu alikuwa na kikohozi, na kisu kilikuwa kichafu. Daktari anasema angekaa siku mbili zaidi, tungekuwa tunasema mengine."

Kukatwa kilimi! Kule Isenga kila mtu amewahi kumpeleka mtu akakatwe kilimi. Mtoto akikohoa sana, mtu mzima akikonda, wanasema kile kinyama cha mwisho wa koo kimerefuka, na yuko mzee mwenye kisu maalumu. Wanakwenda na hawasemi, kwa sababu watu wa zahanati hugomba. Yeye mwenyewe mwaka uliopita alimgombeza mke wa Maduhu kwa jambo hilo hilo, mbele ya kina mama wote waliokuwa kwenye mizani ya watoto, hadi yule mwanamke akajitanda kanga usoni.

Sasa alielewa kwa nini Elick hakuweza kusema, na kwa nini Maduhu alijibu upesi upesi akiangalia ng'ombe. Agizo lilimkataza kugusa, kwa hiyo hakumfungua mgonjwa kinywa. Lakini hakuna agizo lililomkataza kuuliza.

Wiki ya pili ya mwezi wa nne kamati ikakaa, bila yeye. Jioni alipita kijana na kusema kwa mbali, bila kusalimu, kwamba mji umepigwa mstari.

Mzee Mashimba alipoambiwa, aliwaza, akasema, "Haya. Mimi nimetengwa na hata simu sina." Akacheka hadi akakohoa. Lakini wazee wenzake waliokuwa wakija kila siku kucheza bao hawakuja tena. Alianza kucheza mwenyewe, mkono wa kulia dhidi ya mkono wa kushoto, na Recho akirudi kutoka shambani, mzee alimpa habari: leo wa kushoto amemtandika mwenzake vibaya. Recho aliuliza kama wa kulia ameomba marudio. Mzee alisema ameomba, amepewa kesho. Hayo ndiyo mazungumzo waliyokuwa nayo kwa miezi miwili. Nje ya hapo, Recho alizungumza na kuku.

Usiku alijaribu kupima. Upande mmoja alimweka Elick, aliyepona, akachukua mshahara wake na kwenda kwao bila kuaga. Upande mwingine aliweka nyanya, ng'ombe, mbegu, watoto wa shule, ile harusi. Kila alipojaribu, hakujua apime kwa kipimo gani. Asubuhi alikuwa hajapata jibu, na hakupenda kujisingizia kwamba amelipata.

Hivi ndivyo mambo yalivyokuwa Mzee Mashimba alipofariki.

Mtoto mwingine wa marehemu alikuwa Kahama, simu yake haipatikani. Happyness angefika kesho yake. Recho alichukua jembe, akaenda nyuma ya nyumba mahali alipolala mume wake, akaanza kuchimba. Ulikuwa mwezi wa sita, ardhi imekauka kama tofali. Ilipofika saa nne na nusu shimo lilikuwa halijamfikia magotini, na kiganja cha kulia kilikuwa kimechunika. Aliacha jembe, akanawa, akajitanda kanga, akafunga mlango kwa nje ili kuku wasiingie kwa maiti, akaenda kwa Mzee Kazimili.

Kazimili alikuwa mwenyekiti wa kamati, mtu mpole anayeshika sheria kwa sababu hajui kitu kingine cha kushika. Alimwona tangu mbali, akatoka nje.

"Shikamoo, mzee."

Sheria ilimkataza Kazimili kuitikia. "Nimesikia yowe," alisema hatimaye. "Pole. Nimeita watu. Wako ghalani pa ushirika."

Walikuwa kama hamsini, wamekaa juu ya magunia matupu. Recho hakupewa gunia. Alisimama karibu na mlango. Maduhu alikuwa amekaa mbele, jembe limelala miguuni pake. Jovina alikuwa kwenye kundi la wanawake, mikono amekunja kifuani.

"Utaratibu unaujua," Kazimili alisema. "Mji uliopigwa mstari unarudi kwa mbuzi, kwa madebe mawili, na kwa maneno. Useme mbele ya watu kwamba ulikosea. Mstari unafutwa, mzee anazikwa leo."

"Mbuzi yupo. Mahindi yapo."

"Na maneno?"

Recho aliangalia kiganja chake kilichochunika.

"Aseme tu!" Jovina alipaza sauti. "Nyanya zangu niliwamwagia nguruwe. Walikula siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu wakaniangalia hivi, kama wanauliza, mama, nyanya tena?"

Watu wakacheka. Jovina mwenyewe hakucheka.

Recho alimtazama Maduhu. Ilikuwa sentensi moja tu. Akisema kwamba Elick alikatwa kilimi na kwamba tajiri wake alijua akanyamaza, mstari ungehama kutoka mji wa Mashimba hadi mji wa Maduhu kabla jua halijazama. Maduhu alilijua hilo. Alikuwa ameinamisha kichwa, anachokonoa ukucha wa kidole gumba, na shingo yake nene ilikuwa inameta jasho. Alikuwa na mama mzee nyumbani, kipofu, ambaye naye siku moja angehitaji kuzikwa. Na kilimi kilikuwa cha Elick. Recho alikuwa ameingia katika nyumba za watu hawa miaka saba, akaona waliyonayo chini ya nguo, na hakuwahi kulisema kisimani hata moja.

"Nilikosea," alisema.

Watu walivuta pumzi. Kazimili aliinua mkono kumwita mwenye daftari.

"Sijamaliza, mzee." Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi watu wanyamaze ili wamsikie. "Siku ile niliuliza maswali sita, yale ya kwenye karatasi. Lilikuwapo la saba. Halikuandikwa, kwa sababu walioandika hawakai hapa. Ni swali ambalo mtu wa Isenga angelijua, na mimi ni mtu wa Isenga. Sikuliuliza. Ningeliuliza, na ningejibiwa, labda mnada usingefungwa. Hilo ndilo kosa langu. Naliombea radhi."

"Swali gani?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

"La ugonjwa wa mtu. Halisemwi mkutanini."

Minong'ono ilipita. Maduhu alikuwa ameacha kuchokonoa ukucha.

Kazimili alikuna kidevu. "Na ukiona tena, mama? Kesho, keshokutwa. Mtu ana homa, anatoka damu. Utapiga simu?"

Neno lililotakiwa lilikuwa fupi. Recho aliliona kabisa, limekaa mbele yake kama kiti cha kukalia baada ya safari ndefu. Angesema sitapiga, akakaa. Kule nyumbani baba mkwe wake alikuwa peke yake, na joto linapanda.

"Nitauliza kwanza," alisema. "Nikijibiwa ukweli, nitajua la kufanya. Nisipojibiwa, nitapiga."

Ghala lote lililipuka. "Si mnasikia!" "Huyu hajajuta!" "Arudi na mbuzi wake!" Mzee mmoja alisimama akaanza kutoka. Kazimili alipunga mikono, hakuna aliyemwangalia.

Ndipo Maduhu aliposimama. Hakupaza sauti. Alisubiri tu, kama anavyosubiri ng'ombe wamalize kusukumana mtoni.

"Fahali kumi na wawili," alisema. "Nilimpa mlanguzi kwa bei ya mbuzi. Nyumba yangu ilifungiwa siku tisa, watoto wangu wakaitwa maiti wanaotembea. Kuna aliyepoteza kunizidi? Aseme."

Aliwatazama mmoja mmoja.

"Basi mimi nasema imetosha. Kosa lake amelitaja. Mnataka ataje na lingine ambalo hakulifanya?" Aliinama akachukua jembe lake. "Mzee Mashimba alinipa mahali pa kulaza ng'ombe nilipofika hapa sina hata kibanda. Mimi nakwenda kumchimbia. Anayetaka kunitoza faini, anajua mji wangu ulipo."

Akatoka. Wanaume wawili walimfuata, kisha watano. Kazimili alimwambia mwenye daftari afute mstari, na mwenye daftari akasema mstari wa kalamu haufutiki, ataandika jina upya chini.

Mzee Mashimba alizikwa saa kumi na moja jioni. Kulikuwa na watu wengi kama wanavyokuwa siku zote. Wanawake walilia kwa sauti zao kamili, tena walimlilia vizuri, wakitaja ucheshi wake na bao lake. Sufuria tano zilikuwa motoni. Recho alikaa kwenye mkeka mahali pa mfiwa, na watu wakaja mmoja mmoja kumpa mkono, na yeye akapokea kila mkono. Kilichomshangaza ni kwamba alikuwa amesahau jinsi ya kukaa na watu. Hakujua aweke wapi macho.

Maduhu alikuja wa mwisho, udongo bado uko mikononi. Alichuchumaa karibu na mkeka.

"Ulijua?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Kabla ya kupigwa mstari."

Maduhu aliangalia chini. Kwa mbali mtu alikuwa anaita watu wanawe mikono, chakula tayari.

"Niliogopa utatugomba," alisema. "Kama ulivyomgomba mke wangu. Nikasema, acha niseme ni damu ya puani. Sikujua kama yatafika yalipofika."

"Ningewagomba," Recho alisema. Huo ndio uliokuwa ukweli.

Maduhu alitikisa kichwa, akainuka akaenda kunawa. Hawakulizungumza tena jambo hilo. Kama Maduhu alimwambia mtu mwingine yeyote, Recho hakusikia. Kwa hiyo kule Isenga iliendelea kusemwa kwamba Mama Happyness aliufunga mnada bure, akaomba radhi, akasamehewa.

Walirudi kumsalimia. Kisimani ndoo hazikuondoka tena. Zamu ya kulima ilipofika kwake, watu kumi na nane walikuja na majembe, wakala ugali wake, wakamtania. Lakini alianza kuona kitu ambacho mwanzoni alidhani ni mawazo yake tu. Akikaribia kundi, mazungumzo hayakukatika, ila mtu aliyekuwa anakohoa alikuwa anaacha kukohoa. Alikuwa anaona kabisa kifua kinajikaza, macho yanajaa maji, mtu anatabasamu hadi Recho apite. Akipita, nyuma yake anasikia kikohozi kimepasuka. Daftari lake la wagonjwa lilibaki jeupe mwezi wa saba na nusu ya mwezi wa nane. Kwa mujibu wa daftari hilo, Isenga ilikuwa na afya kuliko mahali popote duniani.

Happyness alikuwa amerudi shuleni. Lile bao la marehemu, Recho aliwapa wazee wenzake. Jioni alikaa mlangoni, akasikiliza miji mingine ikizungumza.

Alhamisi moja ya mwezi wa nane alikuwa anaanua udaga, ile mihogo iliyovundikwa, aliouanika juu ya mwamba, alipomwona Jovina amesimama kwenye uzio. Hakuingia. Mgongoni alikuwa na mtoto, amemfunika kanga mbili juu ya joto lile. Jovina hakuwa amemsemesha zaidi ya salamu tangu mkutano wa ghalani.

"Karibu, dada," Recho alisema.

"Nimekaribia."

Lakini hakusogea. Recho alisimama hatua tatu kutoka kwake, kwa mazoea, kisha akajiona alivyosimama. Mtoto alikuwa anapumua haraka. Pembeni mwa pua palikuwa na damu iliyokauka, nyembamba kama uzi.

"Kama siku mbili hivi," Jovina alisema kabla hajaulizwa. "Mume wangu amesema nisije kwako. Shangazi yake naye amesema. Nyanya zimeiva tena, unajua. Nimeshapanga matenga."

"Nimeyaona."

"Sasa nakuambia kabisa, nina hofu na wewe." Uso wake ulikuwa mkali. "Lakini ulisema unauliza kwanza. Nilikusikia. Basi uliza. Yote uulize. Nitakujibu, hata yale ya aibu nitakujibu. Ila usinigombe."

"Sitakugomba."

Recho aliweka ungo chini. Alitaka kumwambia kwamba majibu ya kweli hayafungui mnada siku zote, kwamba anaweza kujibu vizuri maswali yote na bado simu ikapigwa. Aliona ni haki alijue hilo kabla hajaanza. Akamwambia.

Barabarani kundi la kwanza la ng'ombe lilikuwa linapita polepole kuelekea uwanjani, na wachungaji wanapiga mluzi, kwa sababu mnada ulikuwa keshokutwa. Jovina aliwatazama hadi wakaishia kwenye kona.

"Uliza," alisema.

Recho alikaa chini kwenye mwamba ili wasiwe wamesimama kama watu wa ugomvi, akamwonyesha Jovina mahali pa kukaa, akaanza na lile la saba.